Mfumo unakwama kila jioni, tuhamie klaudi?

Swali: Kaka habari, mi natunza mfumo wa duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma, kila jioni tukifunga mahesabu unakwama, bosi anasema tuhamie klaudi tu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti. We unaonaje?

Jibu: Mdogo wangu, msihame kwanza, tatizo msilolijua mtahama nalo. Pimeni. Weka Prometheus, ni programu ya bure, ilianzia SoundCloud, kampuni ya muziki wa mtandaoni, mwaka 2012, inakusanya namba za prosesa, memori na diski kila baada ya sekunde kadhaa, halafu Grafana inakuchorea grafu, sasa ukiona saa 12 jioni diski imepanda mpaka juu huku prosesa imetulia, mara nyingi ni databesi inasoma jedwali zima la mauzo kutafuta ya leo tu, hapo weka indeksi (kama faharasa ya kitabu, databesi inaenda moja kwa moja) kwenye safu ya tarehe ujaribu tena. Soma na logi (kumbukumbu) za kwiri zinazochelewa, yaani maombi yanayotumwa kwa databesi, grafu peke yake haikwambii kosa liko wapi.

Klaudi siikatai kabisa. Ila rijeni (eneo lenye seva) ya AWS, klaudi ya Amazon, kwa Afrika iko Cape Town, tangu 2020, yaani kila mauzo yanasafiri mpaka kule na kurudi, na intaneti ikikata duka linasimama. Mi ningeanza na bakapu tu kule, mfumo wenyewe ubaki hapo dukani.