Mbwa anayechimba ua na kubweka kutwa: michezo ya nyumbani iliyomtuliza wangu

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili maana hayo yote yamenikuta. Una mbwa wa mwaka mmoja na nusu, kutwa yuko bandani, akifunguliwa usiku anachimba ua, anatafuna ndala na mpira wa kumwagilia, anabweka mpaka jirani amekuja kugonga geti. Umeshauriwa umuuze au umfunge mnyororo. Unauliza kama ipo michezo ya kumshughulisha akili ambayo mtu anaweza kuitengeneza nyumbani bila kununua midoli ya dukani. Ipo, na kwa sisi tunaokaa Mwanza vifaa vyake vimejaa jikoni na stoo. Nakuomba usimuuze kwanza.

Wangu anaitwa Chuma. Nilimchukua Magu akiwa na miezi miwili na nusu, mbwa wetu wa kienyeji, mwekundu, masikio yamesimama. Sisi tunakaa Luchelele, nyumba imezungukwa na mawe kama zilivyo nyingi huku. Nilimlea kama wengi tunavyolea: alfajiri bandani, usiku nje, na saa 1 jioni ugali na dagaa kwenye bakuli lake. Siku moja nilipima kwa saa ya simu, akamaliza bakuli lote kwa sekunde 50. Baada ya hapo hana shughuli yoyote mpaka kesho yake saa ile ile. Alipofikisha mwaka akaanza kuzunguka bandani upande mmoja tu, kutwa nzima, mpaka sakafu ya udongo ikachimbika njia ya duara. Ile njia mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Mambo yalibadilika siku moja ya masika. Mke wangu alikuwa anaanua dagaa, manyunyu yameshaanza, ungo ukamponyoka na dagaa wakamwagika kwenye kokoto za pembeni ya nyumba. Kuwaokota haikuwezekana. Akaniambia, "Baba Neema, mfungulie Chuma amalizie."

Nilisimama barazani namtazama. Dagaa wenyewe hawakufika vikombe viwili, lakini alikaa nao dakika 40. Anaingiza pua kati ya kokoto mbili, anasukuma moja kwa mdomo, anamtoa dagaa mmoja, anarudi nyuma hatua moja, anaanza upya mahali alipokwishapita. Mkia umenyooka, hautikisiki. Bodaboda ilipita getini na hakuinua hata kichwa, na bodaboda ndizo ugomvi wake mkubwa. Alipomaliza akanywa maji, akajinyoosha barazani, akalala mpaka saa 10 jioni. Siku hiyo hakuchimba na hakuzunguka.

Kesho yake nikarudia kwa makusudi. Tangu hapo bakuli lake nalitumia kwa maji tu.

Ngoja nikueleze kwa nini jambo dogo hivyo linamchosha mbwa mzima. Mbwa anaponusa kwa bidii anavuta hewa kwa vipande vifupi vifupi, kama mara 5 kwa sekunde. Inama karibu naye utamsikia: f-f-f-f-f. Hewa anayoitoa inapitia kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua, ili isiipeperushe harufu iliyo mbele yake. Na sehemu ya ubongo inayochambua harufu kwake ni kubwa kuliko yetu kwa mbali, ukilinganisha na ukubwa wa ubongo wenyewe. Kwake yeye kunusa ni kufikiri. Ukimkimbiza kilomita tano atachoka miguu, na akiwa kijana atapata nguvu zaidi ya kukimbia kesho. Ukimpa robo saa ya kutafuta kitu kwa pua, anachoka kichwani, na ndio uchovu unaomlaza kwa amani.

Kwa hiyo anza na chakula chake kile kile. Ugali ukipoa, ukate vipande vya saizi ya gololi, uache ukauke kidogo ili usinatane. Dagaa wachambue na kuwaosha vizuri kwa sababu wengi wanaanikwa mchangani, na chagua wasiotiwa chumvi. Dagaa wa buku moja wanamtosha Chuma michezo ya siku kadhaa, kwa kuwa mmoja anaweza kukatwa mara tatu. Mwaga kwenye nyasi, mbele ya macho yake kwa siku za mwanzo, halafu sema neno moja, siku zote lile lile. Mimi nasema "tafuta". Wiki moja akishalizoea, unaanza kumfungia wakati unamwaga, na unapanua eneo kidogo kidogo. Usikimbilie kumfanyia mambo magumu. Mbwa aliyezoea bakuli akikosa mara tatu mfululizo anaacha, anakaa chini, anakutazama wewe. Ukiona hivyo umezidisha, rudi nyuma.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni zulia la kunusia. Kwa fundi cherehani yeyote utapata vipande vya vitambaa anavyotupa. Mimi niliongezea fulana mbili za mitumba zilizochakaa. Tafuta kile kikapeti cha plastiki cha mlangoni chenye matundu, au kipande cha wavu mgumu. Kata vitambaa upana wa vidole viwili, urefu wa shibiri, kisha pitisha kila kimoja kwenye tundu mbili na ufunge fundo. Ni kazi ya jioni mbili tatu na watoto wataipenda. Likijaa linakuwa kama nyasi ndefu za vitambaa. Unadondosha dagaa humo, unalikung'uta kidogo wazame, unampa. Chuma analitumia dakika 20, na wakati wa mvua nje hakutoki mtu ndilo linalotuokoa. Lifue kila wiki, la sivyo litavunda.

Kwa siku usiyo na muda kuna boksi. Chukua boksi la dukani, toa pini zote na utepe wa plastiki wenye gundi, jaza magazeti yaliyofinyangwa na trei za mayai za karatasi, tawanya chakula ndani, funika. Ataliraruararua lote na wewe utafagia. Mwache ararue, kwa maana hamu ya kurarua anayo na akikosa boksi atairidhisha kwenye ndala zako. Ila angalia anatema karatasi. Wapo mbwa wanaozimeza, hao boksi siyo lao.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu nayo inafaa: toa kifuniko, ile pete ya shingoni na karatasi ya nje, toboa matundu mawili matatu kwa msumari wa moto yaliyo makubwa kidogo kuliko kipande cha ugali, kisha lainisha kingo. Anaisukuma kwa pua, chakula kinadondoka. Ina kelele sana sakafuni, na ikishaanza kupasuka tupa siku hiyo hiyo.

Vikombe vitatu vya plastiki watoto wanavijua. Dagaa chini ya kimoja, unavisogeza polepole, anachagua. Neema wangu ana miaka 9 na yeye ndiye mwalimu wa mchezo huo. Vile vile kujificha: mmoja anamshika Chuma, mwenzake anajificha nyuma ya jiwe na kumwita mara moja tu. Mchezo huu umenisaidia kwa jambo ambalo sikulitegemea, sasa Chuma akiitwa anakuja mbio hata kama geti liko wazi.

Sasa mawe. Kama na wewe uko kwenye vilima, iwe Bugando, Igogo au huku kwetu, Mungu amekuwekea uwanja wa michezo bure. Naficha vipande 15 kwenye nyufa na juu ya mawe ya usawa wa kifua chake, namwacha apande, azunguke, apime upepo. Unaona kabisa anavyofanya hesabu: upepo wa ziwani ukivuma anaishika harufu akiwa mbali, anaikosa, anakata kona mpaka anaipata tena. Lakini nina masharti. Kwanza napita na fimbo kwenye kila ufa, kwa sababu nyoka nao wanakaa humo. Pili, ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Weka kiganja juu ya jiwe, kama huwezi kukiacha hapo ukahesabu mpaka saba, nyayo zake nazo zitaungua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na jua la mchana juu ya mawe linaweza kumuua. Na ziwani simrushii fimbo. Matete na magugumaji yanaficha mengi, na mamba wapo.

Kwa mchana wa joto nampa barafu ya mapanki. Nanunua mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, nachemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo chochote, nachuja kwa kitambaa mara mbili mpaka nahakikisha hakuna mwiba hata mmoja, namimina kwenye makopo ya siagi na kuigandisha usiku. Namgeuzia pande la barafu kwenye trei, analamba nusu saa. Kulamba kunamtuliza mbwa, hilo nimeliona hata siku za radi. Mapanki yenyewe usimpe. Miba na mifupa iliyopikwa, ya samaki au ya kuku, inavunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa tumbo. Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na magunzi ya mahindi, ambayo watu wengi humu huwa wanawapa mbwa wachezee, yakimezwa yanaziba utumbo.

Hapa nilipata somo kwa uchungu. Mwanzoni nilikuwa naweka dagaa kwenye soksi ya mtoto, nafunga fundo, namwachia aifungue. Siku hiyo simu ikaita, nikaingia ndani, sikukaa hata dakika tano. Nilipotoka Chuma amekaa ananitazama na soksi haipo. Nilimpakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo, akamchoma sindano ya kumtapisha, na soksi ikatoka nzima, fundo bado limefungwa. Daktari alisema tungechelewa mpaka ishuke kwenye utumbo ingekuwa upasuaji. Alinikataza kabisa kumtapisha mbwa nyumbani kwa maji ya chumvi, maana chumvi nyingi nayo inaua. Tangu siku ile hakuna mchezo wa kitambaa au plastiki Chuma anaoucheza peke yake, na ukiisha nauweka juu asipofika. Tafadhali sana, hili lishike.

Wachangiaji wawili hapo juu wamekuambia mbwa wa ulinzi hachezeshwi, eti atapoteza ukali, na mmoja amesema umpe pilipili. Nawaheshimu wakuu wangu, ila kwa hili nakataa kwa nguvu zote. Pilipili inamuumiza tumbo na haimfundishi kitu. Mbwa aliyekaa kutwa bila kazi anabwekea kila kitu, jani, paka, upepo, na mwisho wenye nyumba mnazoea kelele zake na hamuamki. Chuma akifanya kazi yake ya pua jioni anatulia, na kwa sababu ametulia anasikia. Mwezi wa pili mwaka huu alibweka saa 9 usiku, nikajua moja kwa moja kuna mtu, kwa sababu siku hizi habweki ovyo. Tulikuta mtu ameshapanda ukuta wa jirani, yule yule jirani aliyekuwa analalamika. Na mzee huyo sasa ananiletea vichwa vya sato nimchemshie Chuma supu.

Kiasi: mimi nagawa chakula cha siku mara mbili, asubuhi zulia au boksi, jioni nyasi au mawe, kila mara dakika 10 hadi 20. Vyote ni chakula chake cha kawaida, siyo cha nyongeza, hivyo hanenepi. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu minne dakika tano zinamtosha. Akianza kupiga miayo, kulamba midomo bila sababu au kugeuza kichwa pembeni, amechoka, funga mchezo akiwa bado anashinda. Ukiwa na mbwa wawili watenganishe wakati wa kutafuta chakula, hata kama wanapendana. Na hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa na chanjo hairuki mwaka, hasa kama watoto ndio watakaokuwa wanacheza naye.

Kuhusu mashimo ya ua, usitegemee yaishe wiki ya kwanza. Chuma alichukua kama wiki tatu. Kilichosaidia ni kumpa kona yake: nilimwaga mchanga karibu na banda, upana wa godoro, nikawa nafukia humo vipande vya ugali. Akichimba pale anapata, akichimba kwingine hapati kitu. Bustani ya mchicha ya mke wangu ilipona kabla ya Pasaka. Anza na nyasi leo jioni, halafu utuandikie alichukua dakika ngapi.