Vidonge vya damu si shauri la mjamzito peke yake

Mjamzito akikiri kliniki kwamba hamezi vidonge vyake vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma na asidi foliki (aina ya vitamini), mara nyingi huambiwa kuwa ni mzembe. Mimi niliyebeba mimba zangu nikiishi kwa wazazi wa mume wangu, huko Kadutu, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, naona lawama hiyo inampata asiyestahili. Kidonge hutolewa kliniki lakini humezwa nyumbani, na nyumbani kuna mama mkwe, mawifi, mume na majirani, kila mmoja na neno lake.

Neno nililolisikia zaidi ni kwamba dawa hizo humnenepesha mtoto tumboni hadi mama apasuliwe. Wengine walisema zinajaza damu kupita kiasi, nayo itamwagika siku ya kujifungua. Kinyume chake, ni mwanamke aliyepungukiwa na damu ndiye anayekuwa hatarini zaidi akitokwa na damu siku hiyo. Maneno hayo hayakuisha kwa kubishana jikoni. Yalipungua nilipomwomba mama mkwe anisindikize CPN, yaani kliniki ya wajawazito, akamsikia muuguzi mwenyewe na kumuuliza kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, yote yaliyomsumbua. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha kila usiku. Dada zangu, mkiweza, nendeni na mtu ambaye neno lake lina uzito nyumbani.

Jambo jingine halisemwi waziwazi. Vidonge vikifungwa katika kimfuko cha plastiki kisichoandikwa kitu, jirani akikuona unavimeza kila siku, huweza kuvumisha kwamba ni dawa za ukimwi, na wapo wanawake wanaovificha au kuvitupa kwa kuogopa uvumi huo. Mwombe muuguzi aandike jina la dawa juu ya mfuko, na mweleze mume wako mapema, kwa kuwa vikikosekana kliniki ni fedha ya nyumba itakayovinunua famasi.

Wengi pia huanza wakiwa wamechelewa, kwa sababu mimba changa hufichwa, na katika mji huu wa milima mwanamke anayehema kwa kupungukiwa na damu huambiwa ni kupanda mlima tu. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza lifanyike kabla ya wiki ya 12, na miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi foliki. Sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) ni chakula chema, ila peke yake havitoshi.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida. Kichefuchefu kikikusumbua, meza usiku baada ya kula, kwa maji yenye ndimu, na chai isubiri saa moja au mbili, maana huzuia madini hayo kuingia mwilini. Ukiona kizunguzungu au moyo kwenda mbio, rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Vidonge viwekwe juu, mbali na watoto, kwa sababu huvidhania peremende, na vikiwa vingi ni sumu inayoweza kuwaua.