Inagonga alfajiri na kulia kama debe nikipanda Isyonje

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya dizeli yenye turbo, komoni reli (nozo zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa), silinda nne, nabebea viazi kutoka Isyonje kuja soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kipindi hiki cha baridi nikiwasha alfajiri inagonga ngo ngo ngo kama dakika tano af inapungua. Nikipanda mlima kuna kelele nyingine kama ya debe. Fundi wa huku anasema konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zimekufa, nitafute injini nyingine. Nifanyeje? Msomaji, Uyole.

JIBU: Mdogo wangu, injini usinunue bado. Hapo una kelele mbili na zimechanganywa.

Ya debe ni rahisi. Injini ikiwa imepoa kabisa, gonga kwa mkono kile kibati kinachokinga joto la turbo na ekzosi, mara nyingi bolti imeliwa na kutu kibati kikabaki kinaning'inia. Weka bolti mpya na washa pana (kile kiduara cha chuma cha chini ya bolti), kwisha.

Ya kugonga ndo kazi. Beringi ya konrodi ikiliwa, kugonga kunazidi injini ikipata moto, maana oili ya moto inakuwa nyepesi na presha inashuka. Yako inafanya kinyume, inagonga ikiwa baridi af inatulia, hapo mi nashuku nozo, ile inayopulizia dizeli kwenye silinda, inamwaga dizeli vibaya. Alfajiri ikiwa bado inagonga, iache sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), chomoa soketi ya waya ya nozo moja, sikiliza, rudisha, nenda inayofuata, ile ambayo ukichomoa mlio unapotea silinda yake ndo hiyo. Ila nakuomba sana usilegeze paipu za nozo kama tulivyozoea kwenye dizeli za zamani, komoni reli inafika presha ya zaidi ya bar 1,000, ule mchirizi unapenya ngozi mpaka ndani ya nyama.

Na usiishie hapo. Chungulia nozo zinapokaa, ukikuta masizi yameganda kama lami ujue washa za kopa za chini zinavuja, moshi wa silinda unaingia kwenye oili, masizi yanashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) yanaziba chujio la pampu ya oili. Niliwahi kushusha sampu moja hapa Mbeya nikakuta chujio limebaki na tundu kama punje ya harage, na mwenye gari miezi mitatu anaambiwa ni nozo tu. Ikifika hapo konrodi zinakufa kweli, na turbo inafuata maana inategemea oili hiyo hiyo.

Kwa hiyo nozo zikapimwe, washa zote nne ziwe mpya, sampu ishushwe, chujio lisafishwe, oili imwagwe yote, af fundi afunge geji ya presha ya oili injini ikiwa ya moto na wewe umesimama hapo unaisoma. Kabla ya hapo mzigo pumzisha, na taa ya oili ikiwaka njiani zima hapo hapo uvutwe, hata kama viazi vinasubiriwa sokoni. Ukishashusha sampu niandikie umekuta nini kwenye chujio.