Ukianza kusoma habari za Waazteki, anzia kwenye lugha yao

Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ukifungua habari za Waazteki, watu wa Meksiko ya kale, ni damu ya kafara za watu. Nami nilikutana nayo hiyohiyo, na kwa muda mrefu nikadhani hapo ndipo habari inapoanzia na kuishia. Kilichonitoa huko ni kitenzi kimoja cha Kinahuatl, lugha waliyoisema na ambayo watu zaidi ya milioni moja wa Meksiko wanaisema hadi leo.

Kitenzi chenyewe ni *nimitztlazohtla*. Kikate vipande: *ni* ni mimi, *mitz* ni wewe unayetendewa, *tlazohtla* ni penda. Nakupenda. Tazama na *nitlacua*: mimi, kitu, kula. Ninakula kitu. Mtenda yuko mbele, mtendwa katikati, mzizi nyuma, kama sisi tunavyopanga. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, na hiyo *ni* ya kwao kufanana na yetu ni sadfa tu, usije ukaijengea nadharia. Ila wengi wanaokuja kwenye somo hili kutoka Kiingereza huchukua muda mrefu kuzoea neno moja lililobeba sentensi nzima, na wewe umekua nalo mdomoni. Itumie nafasi hiyo. Nakushauri ujue maneno hamsini ya Kinahuatl kabla hujakariri jina la mfalme hata mmoja.

Maneno yenyewe yatakupeleka mbali. Wanahua, yaani wasemaji wa Kinahuatl, wanapenda kuweka vitu viwili pamoja ili kutaja cha tatu: *in xochitl in cuicatl*, ua na wimbo, maana yake ushairi. *In atl in tepetl*, maji na mlima, maana yake mji. Aliyekulia kwenye mafumbo na mashairi hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Na *copalli*, utomvu waliouchoma mbele ya miungu kama ubani, ndilo neno ambalo wafanyabiashara wa Ulaya walikuja kuitia sandarusi iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Zanzibar.

Kuhusu jina, waliojenga Tenochtitlan, mji wa kisiwani katika ziwa Texcoco unaohesabiwa kuanzishwa mwaka 1325, walijiita Mexica. "Azteki" linatokana na Aztlan, nchi ya asili katika simulizi zao, na lilienea vitabuni karne ya 19. Litumie tu, kila mtu analitumia, lakini ujue linapokupoteza. Watu wa Tlaxcala, dola jirani, nao walisema Kinahuatl na kuabudu miungu ya namna ileile, na walikuwa maadui wakubwa wa Mexica. Maelfu yao walipigana upande wa Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, mpaka Tenochtitlan ikaanguka tarehe 13 Agosti 1521. Ukisoma mahali kwamba Wahispania mia kadhaa waliiangusha dola nzima, uliza ni akina nani waliokuwa nyuma yao, na uliza habari ya ndui iliyoingia mwaka 1520.

Sasa turudi kwenye damu, maana huwezi kuikwepa na hupaswi kuificha. Kafara za watu zilikuwepo. Mwaka 2015 wanaakiolojia walifukua jijini Meksiko, palipokuwa Tenochtitlan, mabaki ya mnara wa mafuvu karibu na hekalu kuu, na mafuvu yaliyokwisha kuhesabiwa yamepita 600, ya wanawake na watoto yakiwemo. Wakati huohuo, ukikutana na hesabu ya watu 80,400 waliochinjwa kwa siku nne katika uzinduzi wa hekalu mwaka 1487, chukua kalamu ugawanye kwa saa. Hesabu inakataa.

Kinachosaidia kuelewa ni neno *nextlahualli*, kulipa deni. Deni gani? Simulizi yao inasema dunia nne zilikuwa zimekwisha kuangamia, na miungu ikakusanyika gizani huko Teotihuacan, mji wa kale, ili mmoja wao ajitupe motoni awe jua. Tajiri Tecciztecatl alileta sadaka za thamani. Nanahuatzin, aliyejaa vidonda, alileta miiba yenye damu yake mwenyewe, na penye ubani akaweka vigaga vya vidonda vyake. Tajiri aliuendea moto mara nne, na mara nne akarudi nyuma. Nanahuatzin akafumba macho akaruka. Ndiye jua hili tunaloliona. Hata hivyo jua lilisimama palepale halisogei, mpaka miungu mingine nayo ikafa ili lipate kwenda. Mtu anayeamini kwamba kila alfajiri imegharimiwa hivyo, hatafuti sababu ya kulipa. Mimi siioni kafara kuwa jambo jema kwa hilo, lakini sasa naweza kuisoma bila kuwafanya watu hao wanyama.

La mwisho ni vyanzo. Cortés alimwandikia mfalme wake barua akijitetea, kwani alikuwa amevuka mamlaka aliyopewa, kwa hiyo zisome ukilijua hilo. Ile habari maarufu kwamba alidhaniwa kuwa mungu Quetzalcoatl aliyerejea, yeye mwenyewe halitaji jina hilo hata mara moja katika barua hizo. Iliandikwa na wengine, miaka mingi baadaye.

Ninachokusihi usome mapema ni Kodeksi ya Florence, maandiko ya mkono ya karne ya 16 kuhusu maisha ya Wanahua: vitabu 12, safu moja Kihispania na nyingine Kinahuatl. Jina linalotajwa siku zote ni la mtawa Bernardino de Sahagún, ila kazi aliifanya pamoja na wasomi wa Kinahua, akiwemo Antonio Valeriano, waliowauliza wazee na kuandika majibu kwa lugha yao. Yote inapatikana bure kwenye intaneti. Kabla hujasoma neno lolote, pitia picha zake taratibu. Mwaka 1576, waandishi na wachoraji wake wakiwa kazini, tauni kubwa iliingia na watu wakafa kwa wingi mno. Katika vitabu vya mwanzo utaona nyekundu, buluu na kijani. Ukifika kitabu cha 12, kile cha vita vya Tenochtitlan, rangi karibu zote zimekwisha, na wachoraji wanaendelea zaidi kwa wino mweusi.