Maswali na Majibu: Kadi ya Eliya Imezidi Makali

SWALI: Vijana wa kanisani kwetu wanatengeneza mchezo wa kadi za Biblia kwa kufuata ule wa Redemption wa Marekani: fungu la kadi 50, unaanza na 8 mkononi, unavuta 3 kila zamu, na anayetangulia kuokoa roho 5 ndiye mshindi. Kadi yetu ya "Moto wa Karmeli", anayoitumia shujaa Eliya, inasema: "Tupa waovu wote wa mpinzani. Haizuiliki." Anayeivuta hashindwi. Tumeruhusu nakala moja tu, haikusaidia. Wengine wanasema Eliya hakushindwa Karmeli, tusimguse.
Mwalimu wa shule ya Jumapili, Dodoma

JIBU: Nakala moja haizuii sana. Kufikia zamu ya 4 mchezaji ameshaona kadi 20 kati ya 50, kwa hiyo uwezekano wa Moto kuwa umemfikia ni asilimia 40. Mkiwa na kadi mbili za "tafuta kadi yoyote", zihesabuni kama nakala za Moto: mnafika karibu asilimia 79. Zibaneni hizo kwanza, zitafute shujaa tu.

Sasa maneno ya kadi. Futeni "haizuiliki" kabla ya kitu kingine chochote. Kadi kali yenye jibu humlazimu mpinzani atunze jibu lake mkononi, na utamu wa mchezo uko hapo; isiyo na jibu humwacha akitazama tu. "Wote" nalo limevuka hata Maandiko: katika 1 Wafalme 18 waliokamatwa ni manabii wa Baali, Yezebeli hakuguswa. Andikeni "manabii wa uongo walio mezani". Msiache hilo "walio mezani", la sivyo kuna atakayedai na walio mkononi. Gharama mtaipata sura ya 19, Eliya anapokimbilia jangwani na kulala chini ya mretemu: akishawasha Moto, akae nje ya mchezo zamu 2. Wanaomtetea kwa Maandiko watakosa hoja.

SWALI: Tulimshusha Eliya kutoka 10/10 (nguvu/ustahimilivu) hadi 5/5, akazidi kushinda! Inakuwaje?
Huyohuyo, Dodoma

JIBU: Ni kwa sababu katika Redemption anayeelekea kushindwa vitani ndiye anayepewa nafasi ya kucheza kadi ya nyongeza, kama huo Moto. Eliya wa 10/10 alikuwa akimzidi mwovu, hivyo mpinzani alitangulia na pengine alimmaliza kabla Moto haujatoka. Wa 5/5 anaingia akiwa amezidiwa, zamu inakuwa yake, Moto unawaka mara moja. Mrudisheni 10/10. Chini ya kanuni hii, kupunguza namba mara nyingi ni kumpa mtu silaha.

SWALI: Tutajuaje kadi imekaa sawa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Chezeni mara 20 kwa mafungu mawili yaleyale, mkibadilishana baada ya mara 10 ili ufundi wa mchezaji usionekane kuwa nguvu ya kadi. Kila mara andikeni kadi ilivutwa zamu ya ngapi, ikachezwa zamu ya ngapi, na nani alishinda. Michezo ambayo kadi haikuonekana iwekeni kando, mtailinganisha na ile ambayo ilionekana. Ikichezwa papo hapo kila inapovutwa, gharama bado ni ndogo. Ikilala mkononi hadi mwisho, mmeibana kupita kiasi. Na msibadilishe mambo mawili kwa mpigo, hamtajua lipi lilifanya kazi.