Ile picha iliyoko sebuleni kwa mama sio mimi

Juzi usiku nimepata meseji ya binti wa miaka 15, zaidi ya hapo sisemi maana alinieleza siri yake, ila kuna sentensi moja imeninyima usingizi. Kaandika, "Dada, siku nisipopaka fondesheni watu wananiuliza kama naumwa, sasa hivi hata kutoka chumbani naogopa." Nimeisoma kama mara tano hivi, nikaweka simu pembeni nikalia, maana huyo ni mimi kabisaa.

Wengi mnanijua kama mpambaji, mnaziona kazi zangu na kwa kweli najivunia, nimepamba maharusi wengi tu na hii kazi ndo inanilisha. Najua nyie mnaonifuata wengi mnataka mfike hapa. Ila sijawahi kuwaambia nilianzaje. Sikuanza kwa kupenda meikapu, nilianza kwa kuiogopa sura yangu.

Nilikuwa na miaka 14, paji la uso limejaa chunusi. Mtu mzima mmoja wa karibu na familia, simtaji, akasema mbele ya wageni, "Huyu angekuwa mzuri, basi tu ngozi imemwangusha, na hiyo pua." Watu wakacheka wakaendelea na stori zao, mimi nikabaki na hilo neno angekuwa mpaka leo. Wiki hiyohiyo nikachukua fondesheni ya dada yangu, nyeupe kuliko mimi, nikaipaka mpaka kwenye taya nikaishia hapo, shingo ikabaki na rangi yake. Nilikuwa nalala nayo ili asubuhi mtu asinikute hivihivi, na ukilala nayo vinyweleo vinaziba, chunusi zinazidi, zikizidi naongeza fondesheni, yani mzunguko huo umenila miaka mitatu.

Ila kilichonimaliza ni picha. Nilipomaliza shule mpiga picha akanipiga moja, akaenda kuiediti bila kuniuliza, kanifanya mweupe, pua kaichonga, na hili kovu langu dogo pembeni ya jicho la kushoto, nilipoangukia ngazi utotoni, kalifuta. Mama akafurahi, akaitia fremu akaitundika sebuleni. Mgeni akiingia anaangalia ukutani, anarudi kuniangalia mimi, anauliza, "Huyu pale ni nani, mdogo wako?" Mi nilikuwa nainuka naenda chumbani.

Nilidhani ni mimi tu. Kumbe hata Lupita Nyong'o, mwaka 2014, mwaka huohuo aliopata Oscar, alisimulia kwamba utotoni alikuwa anamuomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kilichomfungua macho ni kumuona Alek Wek, mwanamitindo mweusi wa Sudan Kusini, dunia nzima inamsifia. Na bado 2017 jarida moja la Uingereza likamuweka kwenye kava likafuta sehemu ya nywele zake na zilizobaki likazilainisha, akasema hadharani kwamba imemuuma. Sasa kama na Oscar yake wanamrekebisha bila kumuuliza, wewe mdogo wangu unadhani utafika wapi ndo waridhike?

Alafu hii simu unayojipigia selfi. Ukiishika kama sentimita 30 kutoka usoni, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko mtu akikupiga akiwa mita moja na nusu hivi, ni umbali tu unafanya hivyo, pua yako iko sawa. Mi nimeichukia pua yangu miaka yote kwa kosa la kamera! Na wenye mitandao wanajua wanachotufanyia. Mwaka 2021 zilivuja nyaraka za ndani za Facebook, watafiti wao wenyewe wameandika kwamba Instagram inazidisha hali ya kuuchukia mwili kwa msichana 1 kati ya 3. Walijua, wakanyamaza.

Sasa mdogo wangu, meikapu sikukatazi, mi mwenyewe napaka, na napenda. Ila anza kuuzoesha uso wako kuonekana. Anza nyumbani, siku moja, alafu mbili. Hao wanaokuuliza kama unaumwa wameizoea rangi ya kwenye chupa, wakikuona mara kwa mara watazoea, kwangu ilichukua kama wiki tatu wakaacha. Nawa kabla ya kulala hata kama umechoka vipi. Maskara usiazimane na mtu, macho yanaambukizwa, na ikifika miezi mitatu tupa. Mkorogo usiuguse kabisa, mingine ina zebaki inayoharibu figo, mingine ina steroidi zinazochubua ngozi mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, hili sibembelezi mtu. Na nasema tena, uso wako uonekane, uonekane kwanza na wewe mwenyewe, ujue una nini, ndo upake.

Na nyie wakubwa, mama na mashangazi, chungeni midomo. Mtoto wa miaka 14 hasahau. Unasema unatania, unaondoka, yeye analala na fondesheni miaka mitatu.

Mwezi uliopita nilienda kwa mama, nikamuomba ile picha aitoe. Akakataa, anasema ndo picha niliyopendeza kuliko zote. Nikamwambia mama, yule sio mimi, mtazame vizuri. Akaishusha, akafuta vumbi kwenye kioo, akaisogeza dirishani penye mwanga. Akakaa kimya muda. Alafu akaniangalia jichoni, akairudia picha, akauliza, "Kovu lako liko wapi?"

Yeye ndo alilifunga siku ile nilipoanguka. Picha imekaa ukutani miaka tisa na hakuwahi kuona kwamba halipo. Hakuirudisha.