Sayanaidi ya Vitani na Hii ya Kwenye Dhahabu ni Kitu Kimoja?

SWALI: Dada mhariri habari za kazi. Mi nafanya kibarua kwenye plant ya kuchenjua marudio, yani mchanga wa dhahabu uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, huku Geita, kila siku tunaambiwa sayanaidi ni sumu kali basi. Juzi jamaa yangu akaniambia ndo ileile waliyoulia watu vitani Ulaya. Ni kweli? Na inamuuaje mtu, inaziba pumzi au inakuaje?

JIBU: Nzuri kaka yangu, asante kwa kuuliza maana watu wengi wanaishika hii kitu kila siku na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaelezea.

Ndiyo, ni jamii moja. Ya kwenu inakuja kama unga au vidonge vyeupe, ya vitani ni gesi, hidrojeni sayanaidi, na hiyo gesi inaweza kutoka hata kwenye maji yenu yakikosa chokaa ya kutosha, kwa hiyo mkiambiwa chokaa isipungue msione mnasumbuliwa.

Sasa pumzi haizibi kabisa. Mapafu yanavuta hewa, damu inabeba oksijeni inaifikisha mpaka kwenye seli, ila ikifika kule haitumiki, kwa sababu sayanaidi imeshang'ang'ania chuma kilichomo kwenye kile kimeng'enya kinachoitumia oksijeni, yani mtu anakufa kwa kukosa hewa na hewa anayo mwilini. Ndo maana damu inayorudi moyoni inabaki nyekundu kama ya kwenda, oksijeni haijaguswa. Ubongo na moyo ndo vinaumia kwanza: kichwa kinauma, kizunguzungu, anahema haraka haraka, anachanganyikiwa, degedege, moyo unasimama, na akivuta gesi nyingi hayo yote ni dakika chache tu. Wanasema inanukia kama lozi chungu lakini usitegemee pua, kuna watu wamezaliwa hawaisikii hiyo harufu.

Vitani walioanza ni Wafaransa, mwaka 1916 kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa, Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaijaza kwenye makombora ya mizinga. Haikuwasaidia sana maana hii gesi ni nyepesi kuliko hewa na inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, ikipasuka uwanjani inapaa inatawanyika kabla haijaua. Mauaji yake makubwa yakaja kufanyika ndani ya vyumba vilivyofungwa. Wanazi wa Ujerumani, Vita vya Pili, walichukua Zyklon B, dawa ya kuulia chawa na wadudu inayotoa gesi hii hii, Septemba 1941 pale Auschwitz, kambi yao ya wafungwa huko Poland, wakaijaribu kwa wafungwa wa vita wa Kisovieti na Wapoland wagonjwa, baadaye ikaua Wayahudi kwa mamia ya maelfu, wanawake na watoto wamo. Mi nikiandika hapa mkono unakuwa mzito. Leo kuitumia kama silaha ni marufuku chini ya mkataba wa silaha za kemikali ulioanza kazi 1997.

Na tusisahau mihogo michungu nayo inayo. Kidogo mwili unakimudu, unakigeuza kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, lakini penye njaa, mihogo haijalowekwa wala kuanikwa vizuri na maharage hamna, watu wanapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo, Tarime uliwapata watu wakati wa ukame miaka ya 1980.

Turudi kwako. Mwenzio akianguka usimkimbilie bila kinga maana mtaanguka wawili, na ukimtoa usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo. Mtoe penye hewa, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji mengi, na mkimbizeni hospitali. Oksijeni inasaidia, na dawa zenyewe zipo, mojawapo ni hidroksokobalamini, ndugu yake vitamini B12, inaikamata sayanaidi itoke na mkojo. Ila inatakiwa mapema mno, kwa hiyo wiki hii hii nenda na wenzako mkamuulize bosi hiyo dawa iko wapi, na kama haipo hapo plant, hospitali gani ya karibu wanayo.